Miti Yangu Minne Mlangoni mwa Luiche

Niliondoka nyumbani mtaani Mwanga saa moja asubuhi nikiogopa kitu nilichokiweka kwa mikono yangu. Wiki tatu kabla nilikuwa nimepanda miti minne yenye vitambaa vyekundu mlangoni mwa mto Luiche unapoingia ziwani, kuonyesha boti penye kina. Mimi ni fundi saa tu, hupima mto kwa kupenda kujua, lakini wenye boti waliifuata. Kisha mvua ikanyesha milimani siku mbili mfululizo. Nikasikia kwamba Ramadhani amekwenda na boti yake ng'ambo ya ziwa, Kongo, kumletea Joakimu mke na mtoto, na kwamba angerudi asubuhi ile. Joakimu ni mkimbizi wa Burundi anayelima mpunga karibu na mlango ule, vita viliwatenganisha.

Saa tatu, nikiwa nimepita Ujiji kwa baiskeli, nilifika ukingoni. Maji yalikuwa rangi ya chai ya maziwa. Nilichota chupa moja nikaisimamisha. Mchanga ulizama kabla sijahesabu kumi. Tope laini likabaki likielea. Ndivyo mto ufanyavyo. Ukikimbia hubeba vyote. Ukikutana na ziwa huishiwa nguvu, ukaangusha kizito kwanza, na tope likaenda mbali. Baharini kupwa na kujaa huyahamisha mashapo hayo kila siku. Kwetu ni upepo, unaorudisha mchanga mlangoni.

Joakimu alinipokea kwa salamu ya kwao, akicheka. "Mwaramutse, Profesa wa tope! Unaona shati langu jipya? Mke wangu anakuja."

"Chukua upondo, Joakimu. Haraka."

Saa nne mtumbwi wetu ulifika kwenye mti wa kwanza. Siku nilipoupanda, upondo wa kusukumia mtumbwi ulizama wote. Sasa nilishuka, maji yakanifika magotini. Fungu jipya la mchanga lilikuwa limelala katikati ya miti yangu, mawimbi yakivunjika juu yake. Boti ikikwama pale, wimbi la ubavuni huipindua.

"Ile pale," alisema Joakimu. Hakucheka tena. Boti ilikuwa ikija moja kwa moja kwenye vitambaa.

Tuling'oa mitatu. Wa nne ulishikwa na mchanga. Nikakata kitambaa chake kwa meno. Tukapiga kafi kuelekea kusini, nikichoma upondo kila mara, mpaka ukazama wote. Joakimu akavua shati lake jipya, akalifunga kwenye kafi, akalipunga. Kwa muda boti haikubadili njia. Kisha ikageuza pua.

"Fundi!" Ramadhani alipaza sauti akitupita. "Umetung'olea njia?"

"Njia imehama!"

"Na huyo kifua wazi ni nani?"

Mwanamke aliyempakata mtoto akatangulia kujibu: "Ni wangu."

Alasiri nilirudi Mwanga na chupa yangu. Miti nilimwachia Joakimu, kwa kuwa yeye anaishi pale na atapima upya kila baada ya mvua. Alama ya mtoni husema kweli ya siku ilipopandwa tu. Nilikuwa nimeipanda nikaenda zangu. Tope chupani lilikuwa limetua, maji yakiwa meupe juu yake. Siku ile sikufungua saa ya mtu; nilikaa nikiitazama chupa.