Mama Taa, fundi anayetazama kabla ya kushika waya

Jua la asubuhi limeshaingia sebuleni, na Mama Taa amechuchumaa mbele ya meza ya televisheni, mikono magotini. Hagusi kitu. Anatazama taa za kisanduku cha intaneti. Zote zinapepesa kwa pamoja, mbiombio, kama zinafukuzwa.

"Mwanangu, ulizima ukawasha?"

"Mpaka kidole kimeota sugu," anajibu mwenye nyumba, mama kijana aliyekumbatia kompyuta yake ndogo kifuani. "Jana jioni ilikuwa nzima. Leo nimeamka, kimya. Na saa tano nina usaili, mama. Nimeomba kazi tangu nilipojifungua, hawa ndio wa kwanza kuniita."

"Simu je?"

"Simu humu ndani inashika bafuni tu. Nifanyiwe usaili nimekalia ndoo?"

Mama mkwe wake, aliyesimama mlangoni na mjukuu mgongoni, anaguna. "Mimi nilisema zamani, vitu vya kupepesapepesa havina mwisho mwema."

Mama Taa anacheka kidogo, kisha anawaomba wote wakae. Huo ndio utaratibu wake. Watu wakiwa wamesimama, anasema, kila mtu anaeleza kwa mikono, na mikono ndiyo inayoharibu.

Mtaani walimpa jina hilo kwa sababu huanza na taa. Ujana wake wote alikuwa opereta wa simu kwenye kampuni moja, akiunganisha wapigaji kwa kuchomeka waya hapa na kuchomoa pale. Mitambo ilipobadilishwa, alipewa saa ya ukutani na mkono wa kwaheri.

"Saa yenyewe haikumaliza mwaka," anasema. "Mkono ndio umebaki."

Ufundi wa sasa aliuokota vipande vipande, kwa vijana wa madukani, kwa kuuliza bila haya. Leo anaitwa nyumba hadi nyumba, na anasema katika kumi, saba huwa hazina kilichoharibika. Kisanduku kimefunikwa kitambaa cha kufuma kisipate vumbi. Kimesukumwa nyuma ya friji. Kimefungiwa kabatini na mashuka, halafu watu wanashangaa mbona hakifiki chumbani.

Kazi ngumu, kwa maelezo yake, iko kwingine. "Mtandao ukikatika watu hawatafuti waya, wanatafuta mkosaji. Mimi nataja waya. Mtu simtaji."

Anauliza swali lake la siku zote: toka ilipokuwa nzima mpaka ilipokatika, humu ndani kumefanyika nini?

"Hakuna," anasema mama kijana.

"Hakuna," anasema mama mkwe, akimpangusa mjukuu pua iliyokuwa kavu.

Mama Taa anaanza kufuata waya mmoja mmoja kwa kidole. Mweupe mmoja unatoka kwenye kisanduku, unapita nyuma ya kochi, unazunguka mguu wa meza, na unarudi kuingia kwenye kisanduku kilekile. Anautazama, kisha anachomoa ncha moja taratibu. Taa zinatulia. Baada ya muda zinapepesa moja moja, bila haraka.

"Kilikuwa kinajiuliza na kujijibu chenyewe," anaeleza. "Wengine mtapata wapi nafasi ya kusema?"

Waya huo ulikuwa wa kompyuta kubwa ya mume, aliyoihamishia kazini kwake. Ncha yake ilibaki inaning'inia.

"Nani kauchomeka?" Sauti ya mama kijana imebadilika.

"Umeshachomoka, mwanangu. Jaribu kompyuta yako."

Kompyuta inafunguka. Lakini mama mkwe hawezi kukaa na siri yake tena.

"Ni mimi. Alfajiri nilifagia. Nikaona waya unaning'inia kama kamba ya kiatu, na tundu liko wazi. Nikasema mkwe wangu ana wageni leo kwenye hiyo kompyuta, wasikute nyumba ovyo."

Mama kijana anamtazama. Halafu kicheko kinamtoka chenye machozi ndani yake.

"Mama jamani! Wao wanaona uso wangu tu."

"Na nyuma ya uso kuna nini? Si nyumba yetu?"

Mama Taa anaombwa asiondoke hadi usaili uishe. Wanakaa jikoni, mlango umerudishwa, wanaongea kwa kunong'ona. Mama mkwe anataka kujua taa ya kijani inasema nini, na ile nyekundu.

Hapo ndipo fundi anapotoa mpango wake. Ana chumba cha mbele nyumbani kwake. Anataka kukifanya darasa siku za mapumziko, si kwa wenye kompyuta.

"Wanaoshika ufagio ndio wanaoshika waya," anasema. "Na hakuna anayewaambia kitu, mpaka siku ya kulaumiwa."

"Wakishajua wote, nani atakuita?"

"Nitaitwa kwa yaliyoharibika kweli. Hata mimi nimechoka kusogeza friji."

Mlango unafunguliwa. Mama kijana anatokea, bado hajavua hereni za usaili.

"Wananitaka tena Jumatatu. Mazungumzo ya pili."

"Basi Jumatatu mimi sifagii," anasema mama mkwe.

"Fagia tu, mama," anasema Mama Taa, akiinuka na begi lake. "Ila Jumapili njoo kwangu, tuanze darasa."