Tulivyokwenda Dar Bila Kutoka Mwika

Nakumbuka Saba Saba moja iliyoangukia Jumatatu, ikatupa siku tatu za mapumziko, mimi na rafiki yangu Aikande tukapanda basi kwenda Dar es Salaam. Usicheke, mwanangu. Najua unanifahamu kama mtu ambaye kwenda Moshi mjini tu hujiandaa kama anayehama, na akirudi hupumzika siku mbili. Nilikuwa hivyo hata nikiwa na miaka ishirini na mbili. Safari ilikuwa ya Aikande. Mimi nilikuwa mzigo wake, pamoja na mkungu wa ndizi nilioung'ang'ania mpaka Kimara.

Aikande alikuwa aolewe Kahe mwezi uliofuata. Tangu tukiwa sekondari alikuwa na hamu moja: aione bahari, apande pantoni avuke kwenda Kigamboni, arudi. "Nikishaolewa," aliniambia, "nitakuwa na mume, mama mkwe na zamu ya maji ya mfereji. Baharini nani atanipeleka?" Baba yake asingemruhusu aende peke yake, ndiyo maana akaniomba nimsindikize.

Tulifikia hapo Kimara, kwa shangazi yangu. Na hapo ndipo nilipoharibu. Jumamosi nikasema tukamsalimie kwanza mjomba, kule Mbezi, asije akajisikia vibaya. Kwa mjomba tukakuta machalari, zile ndizi zetu na nyama, na watu wa kwetu Mwika kama wanane wanauliza nani amefariki na ng'ombe wa nani amezaa. Hapo ndipo nilipokolea. Nilisimulia mpaka giza likaingia. Jumapili, baada ya ibada, nikamburuta Aikande kwenye ubatizo wa mtoto wa mtu tuliyesali naye kijijini. Machalari tena. Na kila nilichokiona njiani nilikitia kasoro: jua kali, maji yana chumvi, ndizi zimevunwa changa. Aikande alikuwa akitabasamu kidogo kidogo, mimi nikidhani ameshiba.

Jioni ile, akikunja nguo zake, alisema bila hata kunitazama, "Mwenzangu, mimi nimetoka Mwika nikaja Mwika."

"Si kesho bado tupo?"

"Kesho shangazi yako amealika watu."

Ni kweli, na aliwaalika kwa ombi langu. Nikamwambia bahari haihami, ataiona siku nyingine. Akafunga mkoba wake, akalala. Heri angenitukana. Asubuhi akanywa chai, akamsalimia kila mtu isipokuwa mimi. Basi letu la kurudi lilikuwa Jumanne alfajiri, kwa hiyo siku iliyobaki ilikuwa hiyo moja tu.

Nikatoka nje na kandambili zangu, nimejaa aibu. Nyumba ya tatu kutoka kwa shangazi nikaona isale limeoteshwa kando ya geti. Unalijua isale: kwetu ukimkosea mtu, unalifunga fundo jani lake na kumpelekea, naye hawezi kukunyima msamaha. Nikabisha hodi. Akatoka mzee mmoja, ameshika bakuli la chai.

"Shikamoo, babu. Naomba jani moja la isale."

"Marahaba." Akanitazama kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka kandambili. "Wa wapi wewe?"

"Mwika."

"Mimi wa Kirua, mlima huohuo. Miaka yote hii majirani wanajua haya ni maua. Haya, umemkosea nani?"

Nikamweleza yote, hata machalari sikuyaficha. Mzee alicheka mpaka akashikilia geti. Kisha akakata jani, akalifunga fundo mwenyewe, ila hakunipa.

"Ukimpa hili atakusamehe, maana hana namna. Halafu utakaa naye sebuleni tena umhadithie ng'ombe?"

"Hapana, babu."

"Basi vaa viatu kwanza ndipo umpe. Akikuona na kandambili atajua unaomba msamaha ili uendelee kukaa."

Akanipa jani, nikaenda kuvaa viatu. Shangazi akauliza sufuria lote lile litaliwa na nani, nikamwambia wageni wake, na awasalimie sana. Aikande alilipokea jani, akaligeuzageuza, akaiangalia miguu yangu.

"Isale umelitoa wapi huku Dar?"

"Twende. Nitakuhadithia kwenye pantoni."

Bahari niliiogopa, mwanangu, siwezi kukuficha. Sisi wa mlimani maji tunayajua yakiteremka. Yale yametandaa tu, hayajulikani yanaelekea wapi. Pantoni liliposogea nilikamata mkono wa mama mmoja mwenye ndoo ya samaki, simjui hanijui, nikaushika mpaka Kigamboni. Aikande alisimama mbele kabisa, kitambaa chake mkononi, anacheka peke yake. Tukavuka, tukarudi, tukavuka tena. Mara ya tatu nilisogea nikasimama naye. Ng'ambo tukala samaki wa kukaanga, nami nikatafuta cha kulaumu nikakosa.

Sasa nasikia na wewe unakwenda Nairobi na mwenzako sikukuu hii. Nenda. Ila mkishatua mizigo, muulize amekuja kuona nini, na muanzie hapo. Ndugu mtawasalimia mkiwa mnarudi. Usimwambie ataona siku nyingine. Aikande ana wajukuu sasa huko Kahe, na Dar hajarudi mpaka leo. Nikifikiria kwamba nilibakiza kidogo tu nimkalishe sebuleni, bado natokwa jasho. Na ukikosea, maana utakosea, omba radhi ukiwa tayari umesimama, unaelekea kule alikotaka kwenda.

Mungu awafikishe salama. Awape miguu isiyochoka, tumbo linalokubali chakula cha watu wa huko, na vicheko vya kuwatosha njia nzima ya kurudi.