Siku Baba Mdogo Alipopoteza Sauti

Kozi ya mawasiliano ilikuwa Jumanne asubuhi, na wengi wetu tuliiona kama kozi ya kupumzikia. Tulikuwa mwaka wa pili katika chuo kimoja hapa Bujumbura, tukisomea uongozi wa biashara, na vichwa vilikuwa vimejaa takwimu na sheria. Kufundishwa kuongea kulinichekesha. Mimi nimezaliwa Buyenzi, mtaa ambao mtoto anajua kubishana kabla hajajua kufunga kamba za viatu.

Aliyetufundisha alikuwa mama wa makamo, mfupi, miwani yake ikining'inia kifuani kwa mnyororo. Tulimwita madamu, basi. Wiki ya kwanza alitupa kila mmoja dakika mbili za kueleza, kwa Kifaransa, kazi ya baba au mama yake. Nilifurahi, maana baba yangu ni fundi wa magari na nimekulia ndani ya gereji yake. Nilipofika mbele nikaona macho ya darasa zima yananitazama. Nikayakimbia. Nikainua uso kwenye feni ya darini nikaisimulia feni ile maisha ya baba yangu, mbio mbio, nikamalizia kwa merci, yaani asante, hata dakika moja haijaisha.

Madamu hakunisahihisha neno. Aliwageukia wenzangu akauliza, "Amesema nini?"

Walitazamana. Kisha kijana mmoja wa nyuma akasema, "Amesema merci."

Darasa likaangua kicheko. Nami nikacheka kwa mdomo, masikio yakiwaka moto.

Saa ya mapumziko madamu akaniita mezani kwake. "We unatoka wapi?"

"Buyenzi, madamu."

"Na kule Buyenzi, mukiongea, munaangalia feni?"

Hapo nilicheka kweli. Akaniambia nieleze tena kazi ya baba, kwa Kiswahili, kama ninavyomweleza jirani. Nikamweleza jinsi baba anavyochukua bisibisi ndefu, akaweka ncha yake kwenye injini inayounguruma na mpini kwenye sikio, akafumba macho, kisha akasema ugonjwa uko wapi. Nilikuwa nimeinua mkono wangu hadi sikioni bila kujua.

"Hiyo ndiyo ulitakiwa kusema," akasema madamu. "Uliijua. Ulisahau tu kama kuna watu mbele yako."

Tangu siku ile sikukosa Jumanne hata moja.

Zoezi lililonitesa kuliko yote lilikuja baada ya wiki kadhaa. Tulikaa wawili wawili. Mmoja anaongea dakika tatu, mwenzake hasemi kitu, halafu anarudisha alichosikia mpaka mwenye habari aseme, ndiyo, ndivyo. Nilidhani ni mchezo wa watoto. Nilipangwa na msichana mmoja mpole, wazazi wake walitoka Uvira, nchi jirani, na wanakaa mtaa wa Kanyosha. Alinieleza jinsi anavyoamka kabla ya wote, anawasha mkaa, anapika chai na uji wa wadogo zake, anampakia mama yake vitenge anavyokwenda kuuza ng'ambo ya mpaka, ndipo anakuja chuo.

"Umechoka na kazi za nyumbani," nikamrudishia.

"Apana."

"Unataka wadogo zako wakusaidie."

"Apana. Hilo ni shauri lako. Mi sikuomba shauri."

Lilinichoma, kwa sababu nyumbani kwetu nilikuwa msichana wa kutoa mashauri. Nikamwomba arudie. Safari hii nilinyamaza hata ndani ya kichwa, nikasikia jinsi sauti yake ilivyolainika kila alipomtaja mama yake. Alipomaliza nikasema polepole, "Unapenda ile saa ya asubuhi. Ndiyo saa peke yake munaongea na mama yako, mukiwa wawili."

Uso wake ukafunguka kama dirisha. "Ndiyo," akasema. "Ndiyo ile."

Sikuwahi kumpa mtu furaha kwa njia rahisi vile. Nilitoka darasani nikiwa mwepesi, nikatembea mpaka nyumbani kwa miguu.

Mtihani ulipokaribia, nyumbani tulikuwa na jambo letu. Dada yangu mkubwa, ninayemwita yaya, alikuwa anaposwa. Watu wa kijana walikaa mtaa wa Gasenyi, na ilipangwa waje Jumapili baada ya sala ya adhuhuri. Mama na shangazi zangu walipika pilau tangu alfajiri, sebule ikatandikwa mikeka mipya. Msemaji wa ukoo wetu alijulikana tangu zamani: baba mdogo, ndugu yake baba, mtu anayeweza kusalimia kwa robo saa bila kurudia neno.

Kumbe Jumamosi baba mdogo alikwenda kutazama mpira. Timu yake ilishinda. Jumapili asubuhi aliamka, akafungua mdomo kuomba chai, ukatoka upepo mtupu.

Mama alimpa tangawizi na asali. Shangazi akampa maji ya chumvi asukutue. Kila walipomaliza tulimkodolea macho, naye akajaribu, tukasikia kama mlango unaokwaruza sakafu. Wanawake walianza kucheka, kisha wakakumbuka wageni wanakuja, wakaacha. Baba hakuwa mtu wa hotuba. Mteja akimuuliza kama gari limepona, yeye huitikia kwa kichwa.

Ndipo baba mdogo akaninyooshea kidole. "Huyu," akanong'ona. "Si anasomea kuongea?"

"Mutoto mwanamuke aseme mbele ya wazee?" akauliza shangazi.

Wote wakamtazama baba. Alikuwa anafuta mikono kwenye kanzu yake nyeupe kana kwamba ni ovaroli. "Ni wa nyumba hii," akasema. "Atasema."

Nilikimbilia chumbani kwa yaya, ambaye alitakiwa kujificha mpaka aitwe. Nikamkuta ameketi kitandani, mikono ina hina, anaogopa kuliko mimi. Akanishika mabega. "We sema tu kama unavyosemaga," akaniambia. "Lakini usikimbie."

Wageni walifika saba. Msemaji wao alikuwa mzee mwembamba, kofia yake imedariziwa vizuri, ndevu zimepakwa hina, na alionekana mtu anayefurahia sauti yake mwenyewe. Alishangaa kidogo kuniona mimi ndiye ninayemkabili, lakini alikuwa na adabu, akaketi. Nilimtazama yeye machoni, nikasema, "Karibuni, babu. Tumewangoja kwa furaha. Tuko tayari kuwasikia."

Nikanyamaza. Baba mdogo, aliyeketi nyuma yangu, akanivuta mkono wa gauni. "Ongeza!" akanong'ona. Sikuongeza.

Mzee akaanza. Alisifu nyumba yetu, akasifu ukoo, akasifu hata harufu ya pilau, na sebule nzima ikawa inatabasamu. Kisha akafika kwenye jambo lenyewe. "Huyu binti yenu akifika kwetu," akasema kwa madaha, "mikono yake itapumzika. Kazi imekwisha. Atakaa tu."

Tabasamu zikakauka. Yaya ana atelie ya kushona karibu na soko la Buyenzi. Cherehani yake ya kwanza aliinunua kwa jasho lake, na alishasema mara nyingi kwamba mwanaume asiyetaka cherehani ile asimtake na yeye. Baba akaweka kikombe chini. Shangazi akakohoa. Nikasikia pumzi ya baba mdogo sikioni, imejaa hasira: "Waambie apana! Hatutoi mutoto akafungwe ndani!"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni mwangu, na lilikuwa kali. Nililipenda. Nikamkumbuka yule mwenzangu wa Kanyosha, jinsi nilivyokuwa na hakika mara mbili, na mara zote mbili nikakosea. Nikaliacha jibu lile.

"Babu, munisamehe," nikasema, "nataka kuwa na hakika. Kama nimesikia muzuri, mumesema yaya yangu akifika kwenu ataacha kazi yake ya kushona?"

Mzee alishtuka. "Kushona?" Aliwageukia wenzake kama anayemtafuta mkosaji. "Nani amesema kushona? Mi nasema kupika! Nasema kufua! Mama ya bwana-arusi ameapa, wiki ya kwanza huyu mutoto asiguse sufuria. Kushona ashone! Sisi wenyewe tuko na vitambaa kwenye kabati, vinamungoja!"

"Cha kwangu cha kijani!" akadakia mama mmoja wa upande wao, akainua mkono kama mwanafunzi.

Hapo nyumba ililipuka. Mzee alicheka mpaka akavua kofia kujipepea. Baba yangu, ambaye hucheka mara moja kwa mwaka, alikuwa anafuta macho. Baba mdogo alicheka bila sauti, mabega yakipanda na kushuka, na kumtazama kulituongezea kicheko. Na kutoka nyuma ya pazia, mahali palipotakiwa kuwa kimya kabisa, tukasikia kicheko cha yaya, kirefu, kisichojali desturi. Shangazi akapiga vigelegele kukifunika. Fatiha ikasomwa watu bado wanajikaza.

Wakati wa kula mzee aliniita karibu yake. "Nani alikufundisha kuuliza vile?"

"Madamu mmoja wa chuo, babu."

"Umuambie asante. Mi ningerudi Gasenyi nikijua nimesema muzuri, kumbe nimewawashia moto."

Jumanne nilifikisha salamu hizo. Madamu alivaa miwani, akanitazama, akasema, "Panda mbele uwaambie wote." Nikapanda nikasimulia kwa Kifaransa, nikikosea hapa na pale, na nilipofika kwenye "cha kwangu cha kijani" kiti kimoja kilianguka kwa kicheko cha aliyekikalia. Nilikuwa naona kila uso. Yule wa Kanyosha aliketi mstari wa kwanza, akiniitikia kwa kichwa kila nikipotea, mpaka nikapata neno.

Ule mtihani nilifaulu, ingawa sikumbuki tena niliulizwa nini. Ninachokumbuka ni kwamba tangu wakati huo niliacha kumkatiza mama yangu, naye akaanza kunieleza mambo ambayo sikujua anayo moyoni, mengi yakiwa ya kuchekesha. Nilikuwa nimeishi naye miaka ishirini na kitu nikidhani ni mtu wa maneno machache.

Yaya aliolewa mwezi uliofuata. Magari yalipiga honi kutoka Buyenzi hadi Gasenyi, cherehani ikiwa imefungwa kwa kamba kwenye pikapu ya mwisho, imepambwa maua kama bibi-arusi wa pili. Sauti ya baba mdogo ilikuwa imepona. Akaomba kusema maneno mawili tu, akasema mpaka pilau ikapoa, na mimi nilikaa mkekani kando ya mama, tumeshikana mikono, namsikiliza mpaka mwisho.