Maumivu Yaliyofuata Baridi

Ng'washi alikuwa hodari wa kuchuna ngozi ya sangara katika kiwanda kimoja cha minofu nje kidogo ya mji wa Mwanza, miaka ile viwanda vya samaki vilipoanza kuota ufukweni na kila mtu akitafuta kuajiriwa humo. Kazi aliipenda, hata kwenye chumba cha barafu. Kilichomtesa ni kichwa.

Hakikumuuma akiwa kazini. Kilimngoja afike nyumbani Buhongwa, avue buti, aketi. Hapo maumivu yalianzia nyuma ya macho, kama mtu anayeyasukuma kutoka ndani. Macho yalikuwa mekundu, mwili ukatoka mabaka, magoti yakauma, homa ikapanda. Kesho yake akifika zahanati, hana homa wala baka. Alipewa klorokwini, vidonge vya malaria, akarudi. Alivimeza mpaka mwili ukawa unamwasha hata akiwa mzima.

Wenzake wakaanza kunong'ona. Homa zisizoisha na mabaka, miaka ile, watu walikuwa na jina moja tu la kuzipa. Venant, mumewe, aliacha kula naye sahani moja. Ng'washi akaenda kupima damu peke yake, akasubiri majibu wiki mbili. Hakuwa na virusi vya UKIMWI. Venant aliisoma ile karatasi mara mbili, na jioni hiyo wakala pamoja. Lakini hofu ya Ng'washi haikupungua. Kama si hicho, ni nini basi?

Siku moja binti yake Justa, wa miaka minane, alinyeshewa akitoka shule. Baada ya saa mbili alijilaza mkekani, mikono kichwani. Ng'washi alipomfunua uso akayaona macho mekundu, na mikononi mabaka yale yale yake. Safari hii hakungoja asubuhi. Alimfunika mtoto kitenge akampeleka hospitali homa ikiwa bado imepanda.

Waliyemkuta zamuni ni daktari Rugambwa, mzee mpole mwenye lafudhi ya Bukoba. Alimpima Justa malaria, hakuiona. Alimpima shingo kuona kama ni homa ya uti wa mgongo, haikukakamaa. Kisha akamuuliza mama kama naye huugua hivyo, na Ng'washi akamsimulia yote, kuanzia kiwandani.

"Na mama yako mzazi?" daktari akauliza.

"Alikuwa anaota moto hata jua likiwaka. Kila masika kichwa, macho mekundu. Majirani walimwogopa kwa macho yale. Sasa hasikii kabisa."

Daktari aliacha kuandika.

"Sijui jina la ugonjwa huu, mama," alisema. "Si malaria, na hamjarogwa. Nadhani baridi ikiwapata, miili yenu inajichoma yenyewe bila kuwepo mdudu wa kupigana naye. Mmerithiana."

Alimwandikia barua mwalimu wake wa zamani, ng'ambo. Jibu lilichukua miezi minne, na kila wiki Ng'washi alipita kuuliza. Lilipokuja lilikuwa fupi: familia za namna hiyo zipo, ni chache mno, dawa ya kuwaponya bado haijajulikana. Waepuke baridi. Na masikio yaangaliwe, kwani wengine huishia kuwa viziwi.

Ng'washi aliacha kiwanda. Msimamizi wake alimwona mtu wa kudeka. Yeye akaanza kukaanga mapanki, yale mabaki ya sangara yatokayo viwandani, na kando ya karai la mafuta mwili wake ukatulia. Kichwa kilimrudia mara chache, siku za mvua.

Kilichobaki ni masikio ya mtoto. Alimnunulia Justa sweta mbili, akamkataza kuoga maji ya baridi, na bado alijikuta akimwita kwa nyuma, kila mara kwa sauti ya chini zaidi. Mchana mmoja Justa alikuwa ameinama anaosha vyombo. Ng'washi aliita jina lake kwa kunong'ona tu, kisha akabana pumzi.

"Abee, mama."

Ng'washi akamtuma chumvi.