Macho Niliyomchorea Mrusi

Juzi, kwenye vitu vya marehemu vilivyokuwa vikiuzwa mbele ya nyumba mjini Sugar Land, niliiona tena ile picha.

Alasiri moja utotoni, mama alinichukua kazini kwake, alikokuwa akimhudumia bibi wa Kichina. Chumba kilinuka tangawizi. Pichani, baba wa bibi alisimama na Mrusi aliyewafundisha Wachina kuunda chama cha kikomunisti. Uso wa Mrusi ulikuwa umekwanguliwa. Nilidhani picha imeharibika, nikamchorea macho.

“Sasa anatuona,” bibi alinong'ona.

Nilidhani ananisifu. Nilipokua, mama akanieleza: Mrusi aliitwa kwao akauawa kama msaliti, na baba wa bibi, kwa hofu, akaukwangua uso wa rafiki yake kwa ukucha.

Macho niliyoyachora bado yapo. Mjukuu wa bibi, aliyekuwa akiuza vitu hivyo, aliniambia kuwa bibi alipofariki waliikuta picha imetundikwa ikitazama ukuta.