Sauti ya Kwaya Kwenye Disko la Jumapili

Kwenye kwaya ya kanisa letu kule Nkoaranga, mlimani, nilipangwa mstari wa nyuma kwa sababu ya miguu yangu. Sauti walikuwa wanaitaka. "Binti, imba, lakini tulia," mwalimu wa kwaya aliniambia kila mazoezi. Nilijaribu. Nilibana magoti, nikakodolea macho dirisha, lakini ubeti wa pili ukifika mabega yameshaanza kwenda yenyewe. Mama, kutoka benchi lake, alikuwa akinitazama kama anavyotazama maziwa yanayotaka kufurika jikoni.

Nilimaliza darasa la saba, sekondari sikuchaguliwa. Nyumbani kulikuwa na kahawa, migomba na ng'ombe, na mimi nilikuwa sikai. Nikitumwa majani ya ng'ombe napitia dukani kusikiliza redio, narudi jua limezama. Mwishowe mama akanishusha mjini kwa shangazi, mtaa wa Ngarenaro, nikamsaidie kuuza mitumba. Ilikuwa miaka ile biashara imeachiwa huru, na vitu ambavyo utotoni tulivisikia tu vilikuwa vimemwagwa kando ya barabara: sabuni za harufu, viatu vya kila rangi, kaseti za muziki wa Ulaya zilizopitia Nairobi.

Jirani yetu alikuwa fundi redio, mtu wa asili ya Tanga, mpole, asiyekosa swala. Kaka yake alikuwa amemletea kinanda cha umeme kutoka Dubai. Siku moja nilikuwa natundika magauni huku naimba, nikamwona amesimama mlangoni na bisibisi mkononi.

"Dada, huo wimbo wa wapi?"

"Wa kwangu tu. Wa kuomba."

"Njoo uuimbe hivyo hivyo. Usibadilishe kitu. Mimi nitaweka ngoma chini yake."

Ngoma yenyewe ndiyo ile vijana waliyoiita hausi, pigo moja zito linalokwenda bila kukatika, kama mtu anayegonga mlango na hataki kuondoka. Tulirekodi humo dukani kwake, dirisha tumeliziba kwa blanketi. Umeme ukikatika, tunaanza upya. "Nifungulie, Bwana, nimefika," niliimba, tena na tena, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyeiambia miguu yangu itulie. Tulipomaliza nilitembea hadi sokoni nikarudi bila kununua kitu, nikatoka tena. Shangazi akaniuliza kama ninaumwa.

Kaseti ile ilisambaa kuliko tulivyotegemea. Mwenye ukumbi mmoja wa mjini, uliokuwa na disko Jumapili mchana, akaniita niimbe mwenyewe jukwaani. Basi asubuhi nikawa napanda Nkoaranga kuimba kwaya, na mchana niko mjini, joho nimelikunja kwenye mfuko wa plastiki, naimba sala ile ile mbele ya watu wanaotoka jasho. Nikiwa kanisani, nilitamani ngoma. Nikiwa ukumbini, nilitamani zile sauti nne za kwaya nyuma yangu. Hakuna mahali nilipokuwa nzima.

Habari zikapanda mlimani. Wazee wa kanisa wakaniita, na mama akaitwa pia.

"Wimbo wa Bwana unaimbwa panapouzwa bia," alisema mkubwa wao.

"Maneno ni yale yale, mzee."

"Ni yale yale. Ndiyo maana tumekuita."

Walinitaka niache disko. Nilitaka kukubali, lakini nikajikuta natikisa kichwa. Nikawekwa chini ya marudi, adhabu ya kanisa: kwaya basi, meza ya Bwana basi. Tuliachana barabarani, mama akageuka kwenda nyumbani bila kunishika mkono.

Jumapili iliyofuata mlinzi wa ukumbi alikuja kuniambia kuna mama mlangoni, ana mkungu wa ndizi, hataki kulipa kiingilio na hataki kuondoka. Nilitoka mbio.

"Shikamoo mama. Kuna msiba?"

"Marahaba. Hakuna msiba. Nimekuja kusikiliza."

Tulimkalisha juu ya kreti la soda karibu na spika. Alijifunga khanga vizuri, akaweka ndizi miguuni. Sijawahi kuogopa jukwaa kama siku ile. Niliimba macho nimeyafumba. Nilipoyafumbua, mama alikuwa ametazama upande mwingine, anamwangalia kijana mmoja mwenye ovaroli ya gereji, ambaye alikuwa amesimama katikati ya wachezaji analia waziwazi.

Nilimsindikiza stendi. Gari lilipowashwa alitoa kichwa dirishani.

"Unaimba haraka mno," akasema. "Lakini yule kijana alikuwa anaomba. Nimemwona."

Nilisikia baadaye kwamba aliwaeleza wazee maneno hayo hayo. Hawakubadilisha uamuzi, naye hakuacha kwenda kanisani. Ila kila alipoulizwa habari zangu, alijibu, "Yuko mjini, anaimba," kwa sauti ambayo kila mtu angeisikia.

Mimi nilikwenda Nairobi, kisha Mombasa, kisha Dar es Salaam. Nimeimba hotelini, harusini, kwenye kaseti zilizoandikwa jina la mtu mwingine. Nilipata mtoto, nikajenga chumba kimoja kwa shangazi, sikuwahi kulala humo miezi miwili mfululizo. Nilipotubu mbele ya usharika ili nirudishwe kundini, miaka ikiwa imepita, nilikuta kwaya ya vijana ina kinanda cha umeme na mapigo yale yale, na mchungaji mpya anapiga makofi. Wakaniomba niwafundishe. Niliwafundisha kwa moyo wote, tangu Pasaka mpaka mavuno ya kahawa. Kisha bendi moja ya Mombasa ikanipigia simu kwa shangazi. Mama alikuwa amekaa uani anachambua maharage nilipopanda kumwambia.

"Unaondoka lini?"

"Kesho asubuhi."

"Chukua sweta," akasema. "Njiani kuna baridi."