Anwani Ambayo Selestina Hakuihoji

Saa nne asubuhi, skrini ya kompyuta ilisema friji ya chanjo ina nyuzi tano. Kipimajoto cha kioo ndani ya friji kilisema tisa, na chanjo hazitakiwi kupita nane. Muuguzi Bernadetha, wa zahanati moja huko Keza, alizihamishia kwenye kisanduku cha barafu pamoja na kipimajoto hicho, kisha akampigia Selestina Niragira, aliyeunda mashine ile ya kupima joto, apande bodaboda ya kwanza.

"Shikamoo, mama," Selestina alisema alipofika.

"Marahaba. Zahanati sita zinasubiri neno langu juu ya mashine yako. Saa nane nawajibu. Ukishindwa, naing'oa."

Selestina ni mtoto wa wakulima wa migomba wa Kirushya. Alijifundisha programu kwa laptop aliyoipata kwa kutoa mbuzi wawili, mmoja akichechemea. Hakuficha, ila hakusema mpaka alipoulizwa.

Alikagua waya, zikawa nzima. Umeme ulikuwa umekatika alfajiri, ndiyo maana friji ikapata joto. Lakini kompyuta ina betri, ilipaswa kupiga kengele. Badala yake iliganda kwenye tano.

Alimpigia Wiston, mwenzake aliyeko Biharamulo, ambaye juzi alibadilisha programu ya kuonyesha joto. Wiston aliapa hakugusa kerneli, yaani kile kiini cha mfumo kinachotawala mashine yote. Ni kweli. Ila programu yake huipa kerneli anwani ya mahali kwenye kumbukumbu na kuiambia: niwekee joto hapo. Safari hii ilitoa anwani ya eneo la kerneli yenyewe. Kerneli ya Selestina haikuuliza kitu. Ilimimina vipimo humo, ikafuta mambo yake yenyewe, ikaganda.

Kwao Kirushya ndugu hupita mlango wa jikoni bila hodi. Hodi ni ya wageni. Selestina alikuwa ameiandika kerneli hivyohivyo.

"Programu ni ya Wiston," alijitetea. "Niliona kuihoji ni kupoteza muda."

"Hata dada yangu akimleta mtoto hapa, nadai kadi ya chanjo," alisema Bernadetha.

Saa saba ilikuwa imepita. Selestina aliandika upya: kwanza kerneli ihakikishe anwani iko kwenye eneo la programu, kisha inakili vipimo kwa njia inayotoa taarifa ya kosa, badala ya kuganda, pale kumbukumbu isipokuwepo. Programu mbovu ya Wiston aliiacha makusudi kwa ajili ya jaribio, akamkabidhi Bernadetha kihisi cha joto, kile kinachokaa ndani ya friji na kuipa kompyuta vipimo.

"Kishike ngumini."

Programu ilijibiwa kwamba anwani imekataliwa, ikafa peke yake. Kerneli iliendelea kupima. Baada ya dakika moja joto la ngumi lilipita nane, kengele ikalia.

Bernadetha alitazama saa: dakika kumi kabla ya saa nane. Alipiga simu, akawaambia wenzake wa zile zahanati sita waichukue mashine. Kisha akakirudisha kipimajoto cha kioo ndani ya friji.

"Hiki hakitoki."

"Kiache," alisema Selestina akikunja waya. "Hata mimi nisingekitoa."